Siku tano Darjeeling na wazazi wenye umri: naomba mnikosoe mpango huu kabla sijalipia

#1 Kijana wa Mufindi (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nipo Delhi kwa masomo ya uzamili, na wazazi wangu wanatarajia kuja katikati ya Novemba kushuhudia mahafali yangu. Baada ya mahafali tutabaki na siku tano kabla ya ndege yao ya kurudi Dar es Salaam, nami nimeamua tuzitumie Darjeeling, mji ulioko kwenye milima ya Himalaya, kaskazini kabisa mwa jimbo la West Bengal. Najua ipo miji ya milimani iliyo karibu zaidi na Delhi, lakini sababu yangu ni ya kifamilia. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha chai Mufindi kwa miaka 31, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akilitaja jina la Darjeeling kama mchezaji wa mchangani anavyolitaja jina la Uwanja wa Taifa.

Baba ana miaka 71 na magoti yake si mazuri. Hutembea vizuri mahali tambarare, ila ngazi humtesa. Mama ana miaka 66, ana nguvu zake, lakini gari likianza kukata kona hutapika. Tukipita Kitonga kila mara hukaa kiti cha mbele na mfuko mkononi.

Mpango wangu ni huu. Jumanne tunaruka kutoka Delhi hadi uwanja wa ndege wa Bagdogra na kupanda mlimani kwa teksi. Jumatano tunaamka usiku kwenda kilima cha Tiger Hill kuangalia jua likichomoza, tunarudi kupitia monasteri ya Ghum na mzunguko wa reli wa Batasia, mchana tunapanda treni ndogo, jioni tunakwenda kwenye pagoda ya Wajapani. Alhamisi ni bustani ya wanyama, makumbusho ya wapanda milima, shamba la chai na gari la kamba. Ijumaa tunakwenda Gangtok, mji mkuu wa jimbo jirani la Sikkim, tunalala huko, na Jumamosi tunateremka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Naomba aliyewahi kufika huko aniambie kama mpango huu unatekelezeka, kama inafaa kupanda kwa treni badala ya teksi, na hali ya baridi ikoje.

#2 Msafiri wa Kolkata

Ndugu mleta uzi, nilisoma Kolkata miaka minne na Darjeeling nimekwenda mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama mkwe, kwa hiyo nitakuandikia kwa kirefu kidogo. Mpango wako ni wa kijana wa miaka 25 mwenye begi la mgongoni. Nianze na kosa dogo lililo rahisi kurekebisha: bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu hufungwa siku ya Alhamisi, na makumbusho ya chuo cha wapanda milima yamo ndani ya eneo hilo hilo kwa tiketi moja, kwa hiyo ungewafikisha wazee getini na kuwageuza. Ihamishie Ijumaa.

Kosa kubwa ni Gangtok. Darjeeling mgeni hahitaji kibali chochote zaidi ya viza yake, lakini Sikkim kila raia wa kigeni anapaswa kuwa na kibali cha kuingilia, kinachokaguliwa mpakani. Kukipata si kazi ngumu, ila ni foleni na picha na nakala za pasipoti katika siku ambayo tayari ina saa nne au zaidi za kona. Barabara yenyewe inafuata bonde la mto Teesta. Tarehe 4 Oktoba 2023 ziwa la barafu la South Lhonak lilipasuka huko juu, mafuriko yakabomoa bwawa la umeme la Chungthang na kuharibu sehemu nyingi za barabara hiyo, na tangu wakati huo imekuwa ikifungwa mara kwa mara kwa maporomoko na matengenezo. Sasa wewe unataka kulala upande wa pili wa barabara hiyo usiku wa kuamkia safari ya ndege. Ikifungwa asubuhi ya Jumamosi, ndege itaondoka bila ninyi, na ya Dar es Salaam nayo itakuwa mashakani.

Jambo la tatu ni jua, ambalo wageni wengi hawalihesabu. India nzima ina ukanda mmoja tu wa saa, lakini Darjeeling iko mashariki mno, kwa hiyo katikati ya Novemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama mapema, kama saa kumi na dakika 45 jioni. Mawingu nayo hupenda kupanda kutoka mabondeni kuanzia saa nne au tano asubuhi. Maana yake ni kwamba mambo ya kuangalia mandhari yafanyike asubuhi, na alasiri ibaki kwa vitu vya ndani au vya karibu. Pagoda jioni, kama ulivyoandika, utaikuta gizani.

La nne ni hoteli, na hapa ndipo nakuomba uwe mkali. Darjeeling imejengwa kwenye mgongo wa mlima, nyumba moja juu ya paa la nyingine. Eneo la Chowrasta, ambao ndio uwanja wa katikati ya mji, magari hayaruhusiwi, na ndiyo sababu ni mahali pazuri pa mzee kutembea: ni tambarare, kuna mabenchi, na njia inayozunguka kilima cha Observatory Hill haina mwinuko wa kutisha. Lakini kufika hotelini kutoka pale teksi inapoishia kunaweza kuwa ngazi 20 au ngazi 150. Mimi na mama mkwe tulifikia hoteli moja iliyotangazwa kuwa "dakika mbili kutoka barabarani", na kweli zilikuwa dakika mbili kwa mpagazi aliyebeba masanduku yetu. Mama mkwe alitumia dakika 25 na kupumzika mara nne, na siku iliyofuata hakutaka kutoka kabisa. Piga simu mwenyewe, usimuulize mtu umbali, muulize idadi ya ngazi, za nje na za ndani, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Uliza pia kama maji ya moto yapo saa zote, kwa sababu mji una uhaba wa maji wa miaka mingi na hoteli nyingi hununua maji ya magari. Mwisho uliza kama hoteli inapokea wageni wa kigeni, maana kila hoteli inapaswa kuwaandikisha kwa serikali na baadhi ya zile ndogo hazitaki usumbufu huo.

#3 Mama Wawili

Nasoma nikiwa Muscat. Kwa heshima zote nauliza, kwa nini usiwapeleke Shimla? Sisi tulikwenda na watoto mwaka juzi tukitokea Delhi. Unapanda treni hadi Kalka, kisha reli ndogo ya mwaka 1903 inayopita kwenye mahandaki zaidi ya 100 hadi mjini, na huna haja ya ndege ya ndani. Shimla ilikuwa makao makuu ya Waingereza wakati wa kiangazi, ina majengo ya fahari, ina barabara ya maduka isiyo na magari, na serikali imeweka lifti ya kukupandisha kutoka barabara ya chini. Lifti hiyo baba yako angeishukuru. Tahadhari yangu ni moja tu, nyani wa kilima cha Jakhoo: walimnyang'anya mume wangu miwani usoni, na ilirudi kwa kubadilishana na biskuti.

#4 Kijana wa Mufindi

Dada Mama Wawili, nashukuru, na nakiri kwamba kwa upande wa urahisi hoja yako ina uzito kuliko yangu. Hata hivyo Shimla haina chai. Nikimwambia baba kwamba nimempeleka Himalaya na sikumfikisha Darjeeling, atanyamaza kwa adabu, na ukimya wake naujua.

Msafiri wa Kolkata, Gangtok nimeifuta. Nilikuwa sijui kabisa habari za barabara ile.

#5 Reli Nyembamba

Naona swali la treni halijajibiwa, nami ndilo lililonileta kwenye uzi huu. Reli ya Darjeeling ilijengwa kati ya mwaka 1879 na 1881, na mwaka 1999 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Upana kati ya vyuma viwili ni milimita 610. Ukilinganisha na Reli ya Kati ya kwetu ambayo ni milimita 1,000, utaona kwa nini wenyeji wanaiita treni ya kuchezea. Inaanzia New Jalpaiguri, huko tambarare mita 100 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na ndani ya kilomita 80 hivi inafika kituo cha Ghum kilichoko mita 2,258, ambacho ndicho kituo cha juu kuliko vyote nchini India, kisha inateremka kidogo kuingia Darjeeling. Wajenzi hawakuwa na fedha za mahandaki, wala mlima haukuwapa nafasi, kwa hiyo walitumia mbinu mbili. Mahali pengine reli inazunguka na kupita juu ya njia yake yenyewe, na mahali pengine treni inakwenda mbele, inasimama, inarudi kinyumenyume ikipanda, kisha inakwenda mbele tena, kama mtu anayepanda kilima kikali kwa njia ya zigizaga. Sehemu kubwa inakwenda sambamba na barabara ya magari na kuikata mara nyingi, na mjini inapita karibu na milango ya maduka kiasi kwamba abiria angeweza kuchukua nyanya mezani.

Pamoja na mapenzi yangu kwa chombo hicho, nakushauri usiwapandishe wazee kwa treni kutoka chini. Ratiba inasema saa saba na zaidi, ucheleweshaji ni jambo la kawaida, na njia ikipata maporomoko safari hufutwa. Nunua badala yake tiketi za safari fupi ya matembezi, inayotoka Darjeeling hadi Ghum na kurudi kwa muda wa saa mbili hivi, ikisimama Batasia ili watu washuke wapige picha kwenye bustani yenye mnara wa kumbukumbu ya askari wa Kigurkha. Zipo za injini ya dizeli na za injini ya mvuke. Ya mvuke ni ghali zaidi na masizi yatawaingia machoni. Chukua ya mvuke. Fanya hivyo mapema kupitia tovuti ya shirika la reli, maana Novemba watalii wa ndani ni wengi na dirishani utakuta zimekwisha.

Kwa safari hiyo moja utakuwa umeona Batasia na kituo cha Ghum, kwa hiyo huna haja ya kuvirudia kwa teksi.

#6 Mchumi wa Safari

Nadhani wachangiaji wanamtisha kijana. Mtu hatoki Tanzania mpaka Himalaya akakae kwenye benchi. Mimi nilifanya Darjeeling, Kalimpong, Gangtok na Pelling kwa siku sita kwa magari ya jipu ya kuchangia, kwa gharama ndogo sana, na nilifurahi. Tiger Hill kwa vyovyote asiiache. Kutoka pale unauona mlima Kangchenjunga wa mita 8,586, wa tatu kwa urefu duniani, ukibadilika kutoka rangi ya waridi kuwa dhahabu, na siku ya bahati unaiona hata ncha ya Everest kwa mbali.

#7 Msafiri wa Kolkata

Mchumi, jipu ya kuchangia hubeba watu kumi kwenye nafasi ya watu saba. Kwa magoti ya mzee huyo hiyo si akiba. Kuhusu Tiger Hill sina ugomvi na mandhari yenyewe. Kilima kina mita 2,590 na mlima ukiwa wazi ni jambo la kukumbukwa maisha yote. Ninachosema ni namna ya kufika pale. Mnaamshwa saa tisa usiku, mnaondoka saa kumi, mnaingia kwenye msururu wa magari mamia yanayopanda barabara moja nyembamba, na ukichelewa dereva anawashusha mbali mtembee kilometa nzima gizani mkipanda. Kisha mnasimama kwenye baridi pamoja na umati unaonyanyua simu juu, na mara nyingi mnachokiona ni ukungu mweupe.

Mlima ule ule unaonekana kutoka mjini. Toka Chowrasta, fuata njia ya kuzunguka Observatory Hill upande wa kaskazini, utafika mahali palipo na mabenchi yanayotazama bonde, na Kangchenjunga ikiwa imeamua kujitokeza utaiona yote, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hadi mawingu yatakapopanda. Faida kubwa ni kwamba unaweza kufanya hivyo kila asubuhi. Anayekwenda Tiger Hill ana bahati moja, anayekaa karibu na Chowrasta ana nne. Oktoba mwishoni na Novemba ndio wakati ambao hewa imesafishwa na mvua za masika ya huko, kwa hiyo umechagua vizuri. Juni hadi Septemba usingeona hata mti wa pili. Hata Oktoba mapema si salama sana: mwaka 2025 mvua kubwa mwanzoni mwa mwezi huo ilisababisha maporomoko yaliyoua watu upande wa Mirik.

#8 Jani Bichi

Nimekaa kwenye sekta ya chai huku Kericho muda mrefu, kwa hiyo ruhusuni nizungumze na mzee moja kwa moja kupitia kwa mwanawe. Shikamoo mzee.

Kiwandani kwetu, na naamini Mufindi pia, jani likishanyaushwa linapita kwenye mashine ya roli zenye meno inayolikata, kulirarua na kulikunja kuwa chembe ndogo nyeusi, zinazotoa rangi kali ndani ya dakika mbili na kuvumilia maziwa. Darjeeling wanafuata njia ya zamani. Jani zima linanyaushwa kwa saa nyingi kwenye mabeseni marefu yanayopulizwa hewa kutoka chini, halafu linaviringishwa polepole kwenye meza ya mviringo bila kukatwa, linaachwa kidogo lichachuke, kisha linakaushwa. Mmea wenyewe si wa kwetu pia. Kwetu tunalima zaidi aina ya Assam yenye jani pana. Wao wana aina ya Kichina yenye jani dogo gumu, inayostahimili baridi na kukua taratibu. Mbegu za kwanza zilipandwa mjini hapo mwaka 1841 na daktari Mskoti, Archibald Campbell, aliyekuwa msimamizi wa mji, na mashamba ya biashara yakafuata miaka ya 1850. Leo mashamba yanayoruhusiwa kutumia jina la Darjeeling ni 87, na mwaka 2004 jina hilo likawa la kwanza nchini India kulindwa kisheria kwa kufuata eneo.

Mavuno yao yana majina na bei tofauti kwa msimu. Ya kwanza huanza mwisho wa Februari hadi Aprili, na kikombe chake kina rangi hafifu ya kijani na harufu ya maua. Ya pili ni Mei na Juni, na hiyo ndiyo yenye ladha ambayo wanunuzi huifananisha na zabibu. Ya mvua ni ya kujazia. Ya vuli ni Oktoba na Novemba. Hapa ndipo penye tahadhari. Katikati ya Novemba mnakuta mwisho wa msimu. Baada ya hapo vichaka hulala hadi Februari, viwanda hufungua mashine kwa ukarabati, na mgeni huonyeshwa mitambo iliyokaa kimya. Shamba la Happy Valley, lililoanzishwa mwaka 1854, liko karibu sana na mji na hutembeza wageni kiwandani, lakini pigeni simu siku moja kabla muulize swali hili tu: "Kesho mtakuwa mnaviringisha?" Mzee aliyekaa kiwandani miaka 31 hatafurahishwa na maelezo, anataka asikie mashine na anuse chumba cha kunyausha. Njia ya kuteremka hadi pale ni ya mwinuko mkali. Chukueni teksi, na mhakikishe dereva anawasubiri.

#9 Muuguzi Mstaafu

Kwa ufupi. Mita 2,000 na ushei hazileti ugonjwa wa mwinuko kwa mtu wa kawaida, tena aliyeishi Mufindi amezoea hewa ya aina hiyo. Kinachosumbua wazee ni baridi ya ndani ya nyumba, kwa kuwa hoteli nyingi hazina joto la kati na usiku wa Novemba hushuka chini ya nyuzi 10. Beba chupa ya mpira ya maji ya moto, na dawa zao zote ziwe kwenye begi la mkononi. Mama ameze kidonge cha kuzuia kichefuchefu nusu saa kabla ya kuanza kupanda, wala si baada ya kona ya kwanza.

Wazazi wasisahau kadi ya manjano. India huidai kwa wanaotoka au waliopita katika nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Ethiopia zikiwamo, na ndege nyingi za kwetu hupitia Nairobi au Addis Ababa. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo wasiende kuchanja wiki ya safari.

#10 Kijana wa Mufindi

Nimeupanga upya, na naomba mnitazamie kwa mara ya mwisho. Jumanne ndege, halafu teksi yetu wenyewe tukisimama Kurseong kunywa chai ili mama apumue, kufika kabla ya giza. Jumatano asubuhi mabenchi ya Observatory Hill, alasiri treni ya mvuke. Alhamisi asubuhi kiwanda cha chai, mchana hakuna kitu. Ijumaa bustani ya wanyama na makumbusho, kwa sababu baba anakumbuka habari za Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, kwenye redio na nimesoma kwamba ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo wa kwanza wa chuo kile kilipoanzishwa mwaka 1954. Jumamosi kuteremka na ndege ya alasiri. Tiger Hill, pagoda na gari la kamba nimeviacha. Hoteli ya tano niliyoipigia imesema ngazi 14, na wamenitumia video.

#11 Msafiri wa Kolkata

Sasa huo ni mpango. Nyongeza moja tu: kutoka geti la bustani ya wanyama hadi makumbusho ni kupanda, na si kidogo. Ingieni inapofunguliwa, waangalieni panda wekundu na chui wa theluji wakiwa bado wamechangamka, na mpandishe mzee kwa vituo. Acha pia nafasi tupu ya Alhamisi mchana ibaki tupu, usije ukaijaza ukifika.

#12 Kimya Kingi

Mimi ni msomaji tu. Nguo za baridi tununue wapi, Dar es Salaam, Delhi au huko huko? Na wazee wetu wasiopenda viungo vikali watakula nini?

#13 Mama Wawili

Ndugu Kimya Kingi, usinunue Delhi. Kila mji wa milimani una soko la sweta na shali. Mleta uzi, ukirudi utupe mrejesho, usiwe kama wale wanaopewa ushauri wakapotea.

#14 Kijana wa Mufindi

Wanajukwaa, huu ndio mrejesho. Wazazi wamepanda ndege yao juzi usiku, nami nimerudi chumbani kwangu na mafua.

Mama alitapika mara moja tu, kabla ya Kurseong, na kosa ni langu kwa kuwa nilimpa kidonge tukiwa tayari ndani ya teksi. Alisema Kitonga ni barabara ya watoto. Tulifika Ghum jua likiwa linazama, na hapo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amejiandaa kuangalia chochote, dereva alipunguza mwendo na kuonyesha kwa kidevu. Kangchenjunga ilikuwa juu ya mawingu, juu mno kuliko pale tulipokuwa tunatafuta kwa macho. Mama alidhani ni wingu jingine. Jumatano tulikaa kwenye mabenchi saa nzima tukaona ukungu na mbwa wawili. Alhamisi ilionekana kwa nusu saa, Ijumaa ukungu tena. Watalii wenzetu wa hotelini walikwenda Tiger Hill asubuhi ile ile ya Jumatano, nao walirudi bila kuona kitu, wakiwa wameganda.

Treni ilichelewa dakika 50. Baba hakujali; alikaa kwenye jukwaa akimtazama fundi akigonga makaa ya mawe kwa nyundo juu ya injini. Reli Nyembamba, masizi ni kweli, nguo nyeupe zisivaliwe.

Kiwanda nilikipigia kama Jani Bichi alivyoagiza, wakasema wanaviringisha kidogo, jani la mwisho mwisho. Binti aliyekuwa anatutembeza alianza maelezo yake kwa Kiingereza nami nikawa natafsiri, mpaka tulipofika kwenye mabeseni ya kunyausha. Baba aliomba kwa ishara, akachukua konzi ya majani, akaifinya mpaka ikawa tonge, akafungua kiganja na kusubiri aone tonge litafunguka kwa kasi gani. Binti alinyamaza. Akaenda akamwita msimamizi wa zamu, mzee wa Kinepali mfupi kuliko baba, naye akachota konzi ya beseni la jirani akafanya vile vile. Wale wawili walitembea kiwanda kizima bila mimi, wakinusa, wakitikisa vichwa, wakionyeshana vidole vyao vilivyobadilika rangi. Sijui walielewana nini. Baadaye baba aliniambia kwamba wananyausha zaidi ya alivyowahi kuruhusu, kwamba Mufindi angefukuzwa kazi kwa jani kavu namna ile, na kwamba harufu yake ni ya ajabu. Ziara ya dakika 30 ilichukua saa mbili na nusu, kwa hiyo Msafiri wa Kolkata, ule mchana mtupu ulijijaza wenyewe.

Mama alionja kikombe cha mavuno ya kwanza kisicho na maziwa wala sukari, akasema ni maji ya moto yaliyopitiwa na jani, akaomba chai.

Kwa Kimya Kingi: sweta mbili na shali tulinunua kwenye vibanda vya njia inayoelekea Chowrasta, na bei ya mwisho ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Chakula hakikusumbua. Kuna momo, ambazo ni vitumbua vya unga vyenye nyama au mboga vinavyopikwa kwa mvuke, na kuna thukpa, supu ya tambi isiyo kali; wazazi walikula hivyo viwili karibu kila siku, pamoja na wali na dengu. Ngazi za hoteli zilikuwa 14 kama walivyosema, ila hawakuhesabu zile nane za ndani kwenda chumba cha kulia, kwa hiyo anayepiga simu aulize na hizo.

Baba amebeba gramu 250 za mavuno ya vuli kwa ajili ya wenzake wastaafu. Ameniagiza niulize hapa kama kuna mtu anayejua jani hilo lihifadhiwe namna gani lisishike harufu ya samaki kabatini.

#15 Jani Bichi

Mwambie mzee bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, wala lisiwekwe kwenye jokofu. Likifunguliwa lisizidi miezi sita.